Ripoti ya kampuni mi naisoma kuanzia nyuma

Kuna kampuni niliwahi kuwekeza hela zangu, jina lake naliacha, na namna nilivyoingia ni hivi: nilifungua ripoti yao ya mwaka, nikasoma barua ya mwenyekiti wa bodi, nikatazama picha za viwanda vipya na ile grafu ya mauzo inayopanda kama ngazi, nikaona faida imekua miaka 4 mfululizo, nikanunua hisa. Ripoti yenyewe ilikuwa na kurasa zaidi ya 150. Nilisoma kama 20 hivi, zile za mwanzo zenye picha, zilizobaki nikaona ni mambo ya wahasibu.

Miaka miwili baadae hisa zikasimamishwa sokoni na baada ya hapo hakukuwa na cha kuuza wala wa kumuuzia. Sitaki kukaa sana kwenye hasara yenyewe. Ninachotaka kueleza ni usiku mmoja, wiki kadhaa baadae, nilipoifungua ile ripoti tena nikaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta mahali walipotudanganya. Sikupaona. Kule nyuma kabisa, kwenye maelezo ya taarifa za fedha, kulikuwa na jedwali dogo linaloonyesha madeni ya kampuni yanatakiwa kulipwa lini, na zaidi ya nusu ya deni lote lilikuwa la kulipwa ndani ya miezi 12. Yaani wamejenga viwanda vya kurudisha hela kwa miaka 10, wamevijenga kwa mikopo ya miezi. Kila mwaka walikuwa wanakopa upya ili walipe mkopo wa mwaka uliopita, na siku benki mbili zilipokataa kuongeza muda ndo ikawa basi. Afu kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, ambayo ni ukurasa mmoja tu, ilionekana wazi kabisa kwamba ile faida tuliyokuwa tunaifurahia haikuwahi kuingia kama hela. Biashara ilikuwa inakula hela kila mwaka. Yote yalikuwa yamechapishwa, yamekaguliwa, yamesainiwa, na mimi nilikuwa nayo mkononi.

Tangu siku hiyo kila nikiona kampuni inakua nina swali moja tu: huu ukuaji nani kaulipia, na anataka alipwe lini?

Maana ukuaji unalipiwa, wa bure hakuna. Ghala jipya, mashine, wafanyakazi wapya, mzigo unaokaa stoo kabla haujauzwa, mteja anayechukua bidhaa leo alipe baada ya siku 90, vyote hivyo vinataka hela kabla havijaleta hela. Watu wengi wanadhani kampuni ikiuza zaidi basi ina hela zaidi, wakati mara nyingi ni kinyume chake, inayokua haraka ndo inayokaukiwa haraka, kwasababu kila oda mpya inaanza kwa kutoa hela mfukoni. Ndo maana unaweza kukuta kampuni imefilisika huku vitabu vyake vinaonyesha faida. Faida ni hesabu. Hela ni hela.

Sasa hizo hela zinatoka wapi? Kuna faida ya kampuni yenyewe, ile inayobakizwa badala ya kugawiwa wanahisa. Hii ndo hela tulivu kuliko zote, humwombi mtu, husaini mkataba wowote, ila inakuja taratibu na fursa haikusubiri. Kuna kukopa, iwe benki au kwa kuuza hatifungani (yaani karatasi za mkopo ambazo watu wananunua sokoni), na hapo riba inalipwa umepata faida au hujapata, halafu mkopeshaji anaweka masharti, mara usikope zaidi ya kiasi hiki, mara usigawe gawio mpaka hivi. Kuna kuuza hisa mpya, ambako hakuna riba wala tarehe ya kurudisha, lakini unagawa umiliki na mwenye hisa wa zamani anajikuta kipande chake kimepungua bila yeye kuuza kitu. Na kuna njia ya nne ambayo kwenye vitabu vya shule inapewa mistari michache tu ila kwenye maisha ya kampuni ni kubwa sana, nayo ni hela za watu wengine zinazopita mikononi mwako: sapulaya unayemchelewesha kumlipa, mteja anayekulipa kabla hujampa kitu.

Hiyo ya nne sio mbaya yenyewe kama yenyewe. Amazon ilipoingia sokoni Mei 1997 ilikusanya dola milioni 54 tu kwa kuuza hisa kwa dola 18 kila moja, kiasi ambacho ukilinganisha na kampuni ilivyokuja kuwa ni kidogo mno, na sehemu kubwa ya nguvu yake iliyofuata ilitokana na jambo rahisi kabisa, kwamba mteja analipa leo kwa kadi na msambazaji wa bidhaa analipwa wiki kadhaa baadae. Katikati hapo hela imekaa kwako, na kadri unavyouza zaidi ndivyo inavyokaa nyingi zaidi. (Waliongeza na mikopo mikubwa tu, mwaka 1999 waliuza hatifungani za dola bilioni 1.25 zinazoweza kugeuzwa hisa.) Ni kama mto, maji yanatoka huku yanaingia huku, ziwa linajaa. Ila mauzo yakisimama, mto unakauka na wale wote wa kulipwa wanabaki mlangoni kwa pamoja.

Wasomi wa fedha wamelizungumza hili la kuchagua chanzo cha hela kwa miaka mingi. Franco Modigliani na Merton Miller mwaka 1958 walionyesha kwamba kwenye soko kamilifu, lisilo na kodi, lisilo na gharama za kufilisika na ambalo kila mtu anajua kila kitu, haijalishi kampuni imekopa au imeuza hisa, thamani yake ni ile ile. Watu wanabishana sana na hiyo hoja bila kuangalia masharti yake. Mimi nikiisoma naona inanionyesha mahali pa kutazama: kama kwenye dunia isiyo na siri haijalishi, basi kwenye dunia hii yetu inajalisha kwasababu ya kodi, kwasababu ya hofu ya kufilisika, na kwasababu ya siri. Mwaka 1984 Stewart Myers na Nicholas Majluf wakalishika hilo la siri. Walisema hivi: wakurugenzi wanaijua kampuni kuliko sisi wa nje, kwahiyo wakija kutuuzia hisa lazima tujiulize kwanini wanauza sasa hivi, si wangeziacha kama wanajua zina thamani zaidi ya bei ya leo? Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Matokeo yake kampuni inaanza na hela yake yenyewe, ikipungua inakopa, hisa mpya inaziacha mwisho. Hata uamuzi wa wapi pa kuchukua hela nao unatuambia kitu kuhusu kampuni.

Na hapo ndo uwazi unapoingia, na hapa nataka nieleweke vizuri. Uwazi wa kampuni sio hisani kwa umma, wala sio adabu. Ni sehemu ya biashara yenyewe ya kuomba hela. Mtu asiyejua unadaiwa na nani atakukopesha kwa riba ya juu, maana anaikadiria hatari kwa kubahatisha, au hatakukopesha kabisa. Mficha uchi hazai, hiyo methali naona ingebandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya mkurugenzi wa fedha.

Lakini kuna uwazi na kuna uwazi. Kesi inayonikaa kichwani kuliko zote ni ya Uingereza, ya Lord Kylsant, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni kubwa ya meli, Royal Mail Steam Packet. Mwaka 1928 kampuni ilitoa waraka wa kuwaalika watu wanunue hatifungani zake, na ndani ya waraka wakaorodhesha gawio walilolipa miaka ya nyuma. Zile tarakimu zilikuwa za kweli, hakuna iliyoghushiwa. Ambacho hawakusema ni kwamba kwa miaka kadhaa biashara ya meli ilikuwa inaingiza hasara, na gawio lilikuwa linalipwa kutoka kwenye akiba za siri zilizolimbikizwa enzi za vita, akiba ambazo zilikuwa zinachotwa kimya kimya na kuingizwa kwenye hesabu chini ya maneno machache ambayo msomaji wa kawaida asingeyashtukia. Mwaka 1931 Kylsant alifungwa miezi 12, na rufaa yake ikakataliwa. Mahakama ilisema waraka unaweza kuwa wa uongo kwa kile ulichokiacha, hata kama kila mstari wake ni wa kweli. Mi nadhani kila anayesoma ripoti za kampuni aanze na kesi hii, maana inakufundisha kwamba swali la "hii namba ni ya kweli?" halitoshi. Uliza pia imetoka wapi. Gawio lilikuwa la kweli, sawa, lakini nani alililipia?

Karibu na wakati huo huo kulikuwa na Ivar Kreuger wa Sweden, mfalme wa viberiti. Yeye alikuwa anakusanya hela za wawekezaji, nyingi kutoka Marekani, anazikopesha serikali za nchi, na serikali inampa ukiritimba wa kuuza viberiti nchini kwake. Ufaransa ilipata dola milioni 75 mwaka 1927, Ujerumani ikaahidiwa milioni 125 mwaka 1929. Gawio lake lilikuwa nono na watu hawakuuliza, na hesabu za ndani alizijua yeye na wachache sana. Alipokutwa amekufa Paris, Machi 1932, wakaguzi waliofungua vitabu walikuta mali ambazo hazipo, pamoja na hatifungani za serikali ya Italia ambazo zilikuwa za kughushi. Gawio la wawekezaji wa zamani kwa sehemu kubwa lilikuwa linatokana na hela za wawekezaji wapya.

Mwaka uliofuata, 1933, Marekani ikapitisha sheria ya kwanza ya taifa kuhusu uuzaji wa hisa na hatifungani, na 1934 ikaunda tume ya kusimamia masoko hayo, SEC. Rais Roosevelt alipopeleka pendekezo bungeni alisema kwamba kwenye kanuni ya kale ya mnunuzi ajihadhari tunaongeza nyingine, muuzaji naye ajihadhari. Na kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba ile sheria haimzuii mtu kuuza hisa za kampuni mbovu. Tume haikwambii nzuri ni ipi. Inachosema ni kwamba uza unachotaka, lakini waambie watu kila kitu cha maana kabla hawajakupa hela. Wengine wanaona huo ni udhaifu. Mimi nauona ni heshima kwa msomaji, ila ni heshima inayomdai msomaji naye asome, na hapo ndo mimi nilipoanguka.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi, deni ambalo halijaitwa deni.

Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani, wengi wamewahi kuisikia, kwahiyo sitairudia yote. Nataka kitu kimoja tu. Kampuni ilikuwa na vikampuni vya pembeni ambavyo vilibeba madeni na mali mbovu ili visionekane kwenye mizania yake (ile taarifa inayoonyesha kampuni ina mali gani na inadaiwa nini), na baadhi vilikuwa vinaendeshwa na mkurugenzi wa fedha wa Enron mwenyewe, Andrew Fastow. Je, ilifichwa? Kwenye maelezo ya ripoti yao ya mwaka 2000 kulikuwa na aya kuhusu miamala na wahusika wa karibu, yaani watu wenye uhusiano na kampuni yenyewe, na ilisema kabisa kwamba upande wa pili unaongozwa na afisa mwandamizi wa Enron. Jina hakuna. Halafu zikafuata sentensi ndefu zilizosokotana ambazo hata wachambuzi wenye mishahara mikubwa walikiri hawazielewi. Novemba 2001 kampuni ikarekebisha hesabu zake kuanzia 1997 na faida ikapungua kwa takriban dola milioni 600, na tarehe 2 Desemba ikaomba kinga ya kufilisika. Kwahiyo kusema "walitoa taarifa" kunaweza kuwa kweli na bado haki haijatendeka. Mtu akikueleza jambo kwa namna ambayo hutalielewa, amekueleza nini?

Ila mfano ninaoutumia zaidi nikiongea na watu ni Carillion, kampuni ya ujenzi na huduma ya Uingereza iliyokufa Januari 2018. Hii haina ujanja mkubwa, na ndo maana inatisha. Carillion ilikuwa inawaambia sapulaya wake malipo ni siku 120. Siku 120! Ukitaka mapema, kuna mpango, benki itakulipa sasa hivi kwa makato kidogo, halafu Carillion itailipa benki baadae. Ukiitazama kwa jicho la kawaida huo ni mkopo: benki imetoa hela, kampuni inadaiwa na benki. Lakini kwenye mizania haukuwekwa kwenye mikopo, uliwekwa kwenye wadai wengine, kana kwamba ni bili za kawaida za biashara. Moody's, wanaopima uwezo wa kampuni kulipa madeni, walikuja kusema baadae kwamba kiasi kilichokuwa hapo kinaweza kufika pauni milioni 498. Maana yake kila aliyekuwa anapima deni la kampuni kwa kuangalia mstari wa mikopo alikuwa anapima kitu pungufu, na wakati wote huo gawio liliendelea kupanda mwaka hadi mwaka. Julai 2017 wakatangaza kufuta pauni milioni 845 za mikataba iliyokuwa mibovu. Siku wanafunga walikuwa na pauni milioni 29 benki na madeni yanayokaribia pauni bilioni 7. Kukopa harusi kulipa matanga.

Waliolia hapo sio wanahisa tu. Ni wale sapulaya wadogo, fundi mwenye wafanyakazi sita ambaye alikuwa amesubiri siku zake 120 na siku ya 118 kampuni ikafungwa. Yeye ndo alikuwa mkopeshaji wa Carillion bila kujijua, hakulipwa riba, hakupewa dhamana, hakuna aliyemletea waraka wowote asome. Nikimfikiria huyo mtu ndo naona kwanini hizi taarifa sio za wawekezaji peke yao.

Wanaotunga viwango vya uhasibu walichukua muda, lakini walisikia. Kuanzia Januari 2024 kampuni zinazotumia viwango vya kimataifa zinatakiwa kueleza mipango ya namna hiyo: masharti yake, kiasi kilichopo, sapulaya wameshalipwa kiasi gani na benki, na umekaa kwenye mstari gani wa mizania. Kabla ya hapo walikuwa wamepambana na ukodishaji. Kwa miaka na miaka shirika la ndege liliweza kurusha ndege kibao ambazo kwenye mizania yake hazipo, kwasababu zimekodiwa, ingawa mkataba wa kukodi ni wa miaka na huwezi kuukimbia. Sir David Tweedie, aliyeongoza bodi ya viwango vya kimataifa, alikuwa anasema anatamani kabla hajafa apande ndege ambayo ipo kwenye mizania ya shirika la ndege. Kiwango kipya cha kuuweka ukodishaji kwenye mizania kilianza kutumika rasmi 2019, na ghafla maduka, mashirika ya ndege na kampuni za simu zikaonekana na madeni makubwa kuliko mwaka uliotangulia. Hakuna aliyekopa hata senti mpya siku hiyo. Deni lilikuwepo, lilikuwa halijapewa jina lake.

Kuna tukio moja ambalo linanipa moyo, nalo ni la WeWork, kampuni ya Marekani ya kukodisha ofisi. Mwanzoni mwa 2019 wawekezaji wake binafsi waliithaminisha dola bilioni 47. Agosti wakawasilisha waraka wa kuuza hisa kwa umma, na kwa mara ya kwanza watu wa nje wakasoma: mapato ya 2018 yalikuwa takriban dola bilioni 1.8 na hasara ilizidi hata hayo mapato yenyewe, na kulikuwa na ahadi za kulipa pango la majengo za takriban dola bilioni 47 kwa miaka ijayo wakati wateja wake wengi walikuwa wanapanga kwa muda mfupi. Ni jambo lile lile la ile kampuni yangu, ahadi ndefu upande mmoja na muda mfupi upande mwingine. Pia ilionekana kampuni imekubali kulipa karibu dola milioni 6 kwa haki za neno "We" kwa kampuni inayohusiana na mwanzilishi wake. Karibu wiki saba baadae, tarehe 30 Septemba, mpango wa kuuza hisa ukaondolewa. Hakuna polisi aliyekuja, hakuna tume iliyoupiga marufuku. Watu walisoma tu.

Evergrande ya China ni upande mwingine wa hiyo hiyo. Kampuni ilikua kwa hela za wanunuzi wa nyumba ambazo hazijajengwa, na za wakandarasi waliopewa hati za ahadi badala ya malipo, juu ya mikopo na hatifungani. Madeni yakazidi dola bilioni 300. Mwaka 2024 mamlaka ya masoko ya China ilisema kampuni yake kuu ya ndani iliongeza mapato yasiyo ya kweli kwenye vitabu, yuan bilioni 214 hivi kwa mwaka 2019 na bilioni 350 kwa 2020, kwa kuyahesabu kabla ya wakati wake. Ukihesabu hela ya mnunuzi kama mapato yako kabla hujampa nyumba, umelibadilisha deni kuwa faida kwa mstari mmoja wa kalamu. Mnunuzi yule kimsingi alikuwa amekukopesha, na sasa kwenye vitabu ametoweka.

Sio kwamba kila deni ni baya, nisije nikaeleweka vibaya. Aprili 2013 Apple ilikopa dola bilioni 17 kwa mpigo mmoja huku ikiwa na akiba ya takriban bilioni 145. Watu walishangaa. Lakini maelezo yalikuwa mezani, akiba nyingi ilikuwa nje ya Marekani na kuirudisha nyumbani kungelipishwa kodi, riba zilikuwa chini sana, na hela walikuwa wanaitaka ya kuwarudishia wanahisa. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane, ila unajua nani amelipia nini na atalipwa lini. Mimi nataka hilo tu.

Kwahiyo siku hizi nasoma hivi. Naanza na taarifa ya mtiririko wa fedha, zile sehemu zake tatu, biashara imeingiza au imekula kiasi gani, imewekeza kiasi gani, na tofauti imejazwa na nani. Kama biashara inakula na mikopo inajaza, sikimbii hapo hapo, kampuni changa inaweza kuwa hivyo miaka kadhaa, lakini naenda moja kwa moja kwenye jedwali la tarehe za kulipa. Halafu naangalia siku za kuwalipa sapulaya zimeongezeka au la, maana kampuni inayobanwa huwa inaanza kuwabana wadogo kabla ya mtu mwingine yeyote kujua. Nasoma wahusika wa karibu. Nasoma madeni yanayoweza kutokea, kesi, dhamana ilizozitoa kwa kampuni tanzu. Nasoma ripoti ya mkaguzi mpaka mwisho, hasa pale anapozungumzia kama kampuni itaendelea kuwepo. Barua ya mwenyekiti naiacha mwisho, na nikifika huko naitazama kwa swali la je, ametaja yale niliyoyakuta nyuma? Asipoyataja, nimejua kitu kuhusu yeye.

Najua kuna wanaosema kampuni zimechoshwa na haya makaratasi, ripoti zimekuwa nene mno, washindani wanasoma, kampuni ndogo zinalipa wakaguzi hela ambayo wangeajiri watu. Kuna ukweli. Fomula ya bidhaa yako na bei unayopanga mwakani ni mambo yako, sihitaji. Na ripoti kuwa nene kweli ni tatizo, maana unene nao ni mahali pa kujifichia. Lakini unadaiwa na nani, kiasi gani, lipi lini, hiyo sio siri ya biashara, na mara nyingi inaenea kwenye nusu ukurasa. Kinachonitia wasiwasi kwa sasa ni kwamba kampuni nyingi kubwa zinakua bila kuja sokoni kabisa, kwa hela za mifuko binafsi na mikopo binafsi, na yale maelezo ya nyuma ya ripoti anayasoma mkopeshaji peke yake. Fundi wa siku 120 haonyeshwi.

Hapa mezani nina ripoti ya kampuni ninayoipenda, naijua bidhaa yake, ninazo hisa zake kidogo na nilitaka kuongeza. Mstari wa "wadai wengine" umekuwa karibu mara mbili ndani ya mwaka mmoja na maelezo yake ni sentensi moja, kwamba ongezeko limetokana na ukuaji wa biashara. Nimewaandikia kitengo cha wawekezaji, wakanijibu kwa upole kwamba nisome barua ya mwenyekiti ukurasa wa 6. Nimeisoma. Mkutano mkuu wa wanahisa ni mwezi ujao, nimeshajiandikisha kuhudhuria, na swali nimeliandika kwenye karatasi ili nisije nikalipunguza makali nikisimama: Mheshimiwa mwenyekiti, kwenye hicho kiasi cha wadai wengine, ni kiasi gani tayari kimelipwa na benki kwa niaba yetu, na sisi tunatakiwa kuilipa hiyo benki lini?